Masika ya Mkono wa Kushoto

Jumatatu, 4 Machi

Naandika kwa mkono wa kushoto. Herufi zinapepesuka kama walevi. Daktari wa viungo amesema niandike kila siku, hata mstari mmoja: nimefanya nini, kifundo cha mkono kimeuma kiasi gani. Kimeuma sana. Kwa leo basi.

Jumanne, 5 Machi

Mvua ya kwanza. Maumivu ni saba kwa kumi. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vimekufa ganzi tangu asubuhi: gumba, cha shahada na cha kati.

Jumatano, 6 Machi

Leo mkono wa kushoto umezoea kidogo, ngoja nieleze mambo yalivyo.

Mimi ni mpigachapa wa mahakama, mwaka wa kumi na nne sasa. Mtu akikata rufaa, naletewa madaftari ambayo jaji aliandika kwa mkono wake akiwasikiliza mashahidi, nami nayageuza kuwa kurasa safi ambazo majaji wa rufaa wanaweza kuzisoma. Jalada nililonalo sasa lina kurasa mia sita. Jaji aliyeziandika amekwisha fariki, na mwandiko wake ofisi nzima inaukimbia. Mimi ndiye pekee ninayeuweza. Mwenye rufaa ni mfungwa aliyemaliza miaka minne ndani, na kesi yake haiwezi kusikilizwa mpaka kazi hii iishe. Ikivuka mwisho wa Mei, itasogezwa hadi mwakani.

Kwa hiyo nilikuwa nachapa saa kumi kwa siku. Kifundo kilianza kuwasha, kikaja kuchoma, vidole vikaanza kulala usingizi hata nikiwa macho. Nilificha. Nilivaa mikono mirefu, nikajifunga kitambaa. Wiki iliyopita niliangusha muhuri mbele ya msajili, nikauokota, nikauangusha tena. Msajili ni mwanamke ambaye sijawahi kuona meno yake. Alinitazama, akasema, "Kesho nenda hospitali. Si ombi."

Huko wakaniambia mshipa wa fahamu umebanwa. Wiki sita nisichape hata herufi moja. Usiku nivae gango, kitambaa kigumu chenye bapa la chuma ndani. Nisipopata nafuu, nitapasuliwa. Na nikiendelea kama mwanzo, nguvu ya gumba huenda isirudi yote.

Jalada langu kapewa mwenzangu wa meza ya pili. Tunamwita Mashine kwa kasi yake. Huchapa huku akiimba puani. Siku zote nilijua anakitaka kiti changu cha dirishani. Haya, kakipata.

Jumamosi, 9 Machi

Baba mkwe amewasili na begi moja na mwavuli. Paa la nyumba yake linavuja, na mwanawe, yaani mume wangu, ni dereva wa lori, yuko njiani wiki tatu katika kila nne. Wawili hao wakakubaliana kwa simu kwamba mzee akae nasi hadi masika yaishe. Mimi niliarifiwa.

Nimeolewa miaka kumi na moja, na sijawahi kukaa naye chumba kimoja kupita muda wa kikombe cha chai. Alikuwa fundi wa kuandika vibao vya maduka na shule, na anaongea hivyo hivyo, maneno matatu makubwa halafu kimya. Akiwapo nakaa mguu sawa. Sasa nitakaa mguu sawa miezi mitatu.

Maumivu: sita.

Jumapili, 10 Machi

Mvua. Gango limenipa usingizi.

Jumanne, 12 Machi

Nitaandika polepole, hata ikinichukua siku mbili.

Asubuhi Baba alikuwa jikoni, ameinama anamfunga binti yangu kamba za viatu vya shule. Binti yangu ana miaka saba na hatulii, ndiyo maana tunamwita Kiroboto. Chai ilikuwa tayari. Nikaona haiwezekani mkwe ajimiminie mwenyewe na mimi nimesimama pale, nitaweka wapi uso wangu. Nikanyanyua birika. Kwa mazoea, nikanyanyua kwa mkono wa kulia.

Gumba halikushika. Wala halikuuma, na hilo ndilo lililonitisha. Birika lilinitoka kama mkono ni wa mtu mwingine. Baba alimvuta Kiroboto kwa ukosi wa sare, akamtupa nyuma yake, maji yote yakaishia kwenye mguu wake.

Hakupiga kelele. Alivuta pumzi, akasema, "Mtoto mzima." Kisha akaingiza mguu kwenye ndoo ya maji baridi, akakaa kwenye kigoda kama mtu anayesubiri kinyozi.

Mimi nililia. Nililia mbele ya mkwe wangu, kamasi na machozi, na mkono nimeushika kama kitu nilichoiba.

"Nisamehe, Baba."

"Nikusamehe nini, mama? Hukunirushia. Limeanguka."

"Nilipaswa kusema."

"Hilo ndiyo, ulipaswa kusema. Siku tatu nakuona unafungua milango kwa kiwiko. Nikadhani ni mtindo wa mjini."

Nikacheka nikiwa bado nalia. Nikamweleza yote, mshipa, wiki sita, kisu. Alisikiliza huku akitazama maji ya ndoo. Nilipomaliza akasema, "Basi kuanzia leo jikoni ni kwangu."

"Baba, haiwezekani. Watu watasemaje?"

"Tangu mama yenu afariki, kwangu nani anapika? Au unadhani naishi kwa kunusa?"

Jumatano, 13 Machi

Amevaa soksi nzito juu ya bendeji ili nisione malengelenge. Nimeyaona. Ameunguza mchuzi. Tumekula wote, na Kiroboto ameongeza.

Jumatatu, 18 Machi

Kliniki. Daktari wa viungo nimempa jina, Bi Polepole, maana ndilo neno analolitumia kuliko yote. Amenifundisha kunyoosha mkono kama ninayesukuma ukuta, kisha kulaza kichwa upande wa pili mpaka nihisi uzi unateleza toka shingoni hadi kiganjani. Niliposukuma kwa nguvu akanishika bega. "Polepole, mama. Mshipa si kamba ya kufungia mizigo."

Maumivu: tano.

Ijumaa, 22 Machi

Leo nimegundua kwamba Baba ni mashoto. Miaka kumi na moja sikuwa nimeona. Alinikuta napambana na daftari hili, akaketi upande wa pili wa meza, akalitazama kidogo.

"Lilaze. Kona ya juu ielekee kulia. Usiikabe kalamu, si koo la adui."

Akaniambia shuleni walimchapa vidole kwa kuandika kwa kushoto, akajifunza kuandika kwa kulia ili wamwache, kisha akarudi kwenye kushoto kwake kisirisiri. Alipopata kazi ya vibao akawa anaanza mstari kwa mkono mmoja na kuumaliza kwa mwingine, wateja wakidhani ni madoido. Alinichorea alfabeti yote kwa penseli, herufi kubwa na ndogo, nami nikapita juu yake kwa wino kama mtoto wa darasa la kwanza. Kiroboto alinisahihishia. Nimepata kumi na nne kwa ishirini na nne.

Jumanne, 26 Machi

Tarishi wa mahakama amepita kuniletea barua ya likizo. Nikamuuliza jalada limefika wapi. Akasema Mashine amechapa kurasa sita. Sita, kwa wiki tatu. "Anakaa analitazama daftari kama anayetazama ramani ya nchi asiyoijua," akasema.

Mfungwa ana siku sitini na sita mpaka mwisho wa Mei. Nimezihesabu mara mbili.

Alhamisi, 28 Machi

Mvua mchana kutwa. Nimepumzika.

Jumamosi, 30 Machi

Nimepumzika.

Jumanne, 2 Aprili

Mistari miwili iliyopita ni uongo. Nimejiandikia uongo kwenye daftari langu mwenyewe.

Alhamisi nilimwomba tarishi aniletee daftari moja la jaji. Nikamwambia Baba nalala mchana, nikafunga mlango wa chumba, nikachapa kwenye kompyuta ndogo ya mume wangu. Siku tano nimechapa kurasa arobaini. Siku ya kwanza nilijiona shujaa. Ya tatu nilikuwa nachapa kwa vidole viwili na meno nimeyauma. Jana sikuwa nasikia vibonye, nilikuwa nakisia tu.

Leo kliniki. Bi Polepole alinipa kile chuma cha kubana kinachopima nguvu. Akasoma namba, akaweka chuma mezani.

"Umechapa?"

"Hapana."

"Mimi nakuuliza kwa ajili ya kujaza fomu tu. Mkono umeshaniambia."

Nikakiri. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Alisema wiki tatu. Nisipokuwa na nafuu baada ya wiki tatu ananipeleka kwa daktari wa upasuaji, na hana ahadi ya kunipa kuhusu gumba.

Jioni nilimwambia Baba. Alikuwa anamenya viazi.

"Nilisikia," akasema. "Mlango ule ni mbao nyepesi."

"Mbona hukusema?"

"Nikasema mtu mzima, ataacha mwenyewe. Nimekosa. Ningebisha hodi."

Sikutegemea achukue kosa langu na kujigawia nusu. Nikamweleza kuhusu mfungwa, kwamba yupo mtu anangoja, na mwandiko ule hakuna mwingine anayeujua. Akamenya kiazi kizima kabla ya kujibu.

"Wanachokihitaji ni macho yako au vidole vyako?"

Nilijiona mjinga, kisha nikahisi wepesi.

Alhamisi, 4 Aprili

Nimekwenda kumwona msajili. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Nikasema naomba nije saa mbili kila siku, nisome kwa sauti, Mashine achape. Mimi sitagusa kitu. Nikakiri pia zile kurasa arobaini na kumkabidhi.

Aliweka kalamu chini. "Nimekuwa nikingoja uniambie hivyo," akasema. "Nisingeweza kukuita ukiwa mgonjwa. Ningekuita, ungekuja, na ungechapa."

Kisha akaniambia, akiangalia dirishani, kwamba yeye alianza kazi kama mpigachapa. Akaufunua mkono wake wa kulia mezani. Chini ya gumba, mahali ambapo mimi nina kinofu, yeye ana bonde. "Mimi hakuna aliyeniamuru niende hospitali," akasema.

Nilitoka pale nikiwa nimetahayari. Mwezi mzima nimekuwa nikimchukia mwanamke huyu.

Jumatatu, 8 Aprili

Siku ya kwanza ya kusoma. Kiti changu cha dirishani kiko wazi, mto wangu umelala pale pale nilipouacha. Mashine hajahama meza yake. Nikamuuliza mbona hakukaa dirishani kwenye mwanga. "Ni kwako," akasema, akanishangaa. Na zile kurasa sita, chini ya kila moja alikuwa ameandika jina langu kwanza, la kwake baadaye.

Jumatano, 10 Aprili

Kurasa kumi na nane kwa leo. Nimemuuliza kwa nini huimba puani. Sikio lake moja halisikii tangu utotoni, na mlio wa puani humfunikia uvumi usiokoma ndani yake. Miaka mitano nimekuwa nikinuna kwa ajili ya mlio huo. Sasa nakaa upande wa sikio zima.

Jumatatu, 15 Aprili

Leo kurasa ishirini na mbili. Maumivu: nne. Mvua imeingia hadi kibarazani, Kiroboto amefurahi kuliko vyura.

Jumanne, 23 Aprili

Kliniki. Chuma cha kubana: kilo nne zaidi. Bi Polepole alisoma mara mbili, akasema kisu kingoje. Nilitaka kumkumbatia, akasema polepole.

Jumatano, 24 Aprili

Jioni nilikuwa nafanya mazoezi ya mwandiko na Baba. Nilikuwa nimeandika "kuna", akasoma "lina".

"K yako na l yako ni mapacha," akasema. "Ukiwa na haraka, mguu wa k huwa hauonekani."

"Sasa msomaji atajuaje?"

"Asiikodolee macho herufi yenyewe. Atazame jirani yake. Baada ya hii kuna u, haina nukta. Ingekuwa i ingekuwa na nukta. Watu husahau miguu, nukta hawasahau."

Nimekaa na maneno hayo. Kuna kitu kinanisumbua nisichokijua.

Alhamisi, 25 Aprili

Nimekijua.

Asubuhi nilimwambia Mashine tusiendelee mbele, turudi kwenye zile kurasa arobaini nilizochapa chumbani. Akasema zimeshawekwa jaladani. Nikasema nazihitaji, na daftari lake pia. Nikashika daftari la jaji, yeye akashika nilichochapa, nikasoma na yeye akafuatisha kwa kidole.

Ukurasa wa ishirini na saba kati ya zile arobaini, shahidi wa tatu, mlinzi wa ghala lililoibiwa. Nilikuwa nimechapa: "Nilimwona mshtakiwa akitoka mlango wa nyuma." Herufi ya kwanza kwenye daftari ingeweza kuwa N au S, zote mbili marehemu alizichora kama nyoka aliyesimama. Baada yake i yenye nukta. Kisha mstari mrefu wa wima, ambao siku ile, na vidole vyangu vinachoma, niliuona l. Nikatazama jirani yake. Hakuna nukta.

Nikasema, "Soma ulichonacho tena."

"Nilimwona mshtakiwa."

"Hapa pameandikwa sikumwona."

Mashine akaacha kuimba. Akaja upande wangu, akainama. Tukatafuta neno hilo sehemu nyingine, tukalipata kurasa tisa mbele, mwandiko uliotulia zaidi, hauna ubishi: Sikumwona. Mkia ule ule, nukta ile ile moja.

Tukampelekea msajili. Alichukua kioo cha kukuzia, akatazama neno la kwanza, la pili, la kwanza tena. Nilikuwa nimemweka mtu mlangoni mwa ghala ambapo shahidi hakumwona, na kama ningekuwa mzima wa mkono ningekuwa nimeshapita hapo kwa kasi na kusahau.

"Ulichapa hii ukiwa unaumwa," akasema.

"Ndiyo."

"Na umeirudia kwa nini?"

Nikamwambia kuhusu mkwe wangu, fundi wa vibao, na mguu wa k. Nikangoja anifukuze. Akafungua jalada, akazitoa kurasa zote arobaini, akazikata kwa mstari mwekundu. "Zisomwe upya zote. Na kuanzia leo hakuna jalada litakalotoka hapa bila watu wawili kulisoma kwa sauti. Mwambie mzee nimemsalimu."

Tulipofika mezani Mashine akasema, "Mimi nimechapa majalada mangapi peke yangu, dada? Miaka mitano." Tukavuta viti, tukaanza upya ukurasa wa kwanza wa zile arobaini.

Jumapili, 28 Aprili

Nimemweleza Baba. Alikuwa anasonga nywele za Kiroboto mafundo mawili yasiyolingana. Akasema, "Ah. Nukta." Akaendelea.

Jumatatu, 6 Mei

Kurasa thelathini. Maumivu: mbili.

Jumanne, 14 Mei

Sauti imenikauka kwa kusoma. Msajili ameniletea maji ya moto mwenyewe, akaweka mezani, akaondoka.

Ijumaa, 17 Mei

Tumemaliza. Kurasa mia sita. Tarishi amelibeba jalada kwa mikono miwili chini ya koti la mvua, sisi tukiwa mlangoni tunamtazama mpaka alipokata kona. Siku kumi na nne kabla ya mwisho.

Jumatatu, 20 Mei

Leo naandika kwa mkono wa kulia. Bi Polepole ameruhusu, nusu saa kwa siku, na kompyuta dakika ishirini kisha nisimame. Ameninyanyulia kiti, ameniteremshia kibodi, amenipa karatasi ya mazoezi ambayo amesema ni ya maisha. Ncha ya kidole cha kati bado ina ganzi kidogo, na huenda ikabaki hivyo. Haidhuru. Nilimshukuru, akasema asante yake ni mimi kutorudi pale.

Ajabu ni kwamba mwandiko wa kushoto sasa ni mzuri kuliko huu.

Jumamosi, 25 Mei

Mvua zimekatika, paa limezibwa, Baba ameondoka. Mume wangu alikuwa nyumbani, lakini Baba alitaka mimi ndiye nimsindikize kituoni. Kwenye mguu ana baka jeupe lenye umbo la jani, na sasa hajalifunika.

Nikamwambia, "Baba, ulipokuja nilikuwa nahesabu siku za wewe kuondoka."

"Nilijua. Na mimi nilikuwa nahesabu."

"Na sasa?"

"Sasa nimepoteza hesabu." Akapanda, akakaa dirishani. Kisha akafungua kioo. "Ukipika mchuzi, usichochee moto. Hilo nimejifunza kwako."

Nilirudi kwa miguu nikipita njia ndefu.

Alhamisi, 6 Juni

Saa nne tarishi aliingia na mwavuli mkavu na uso wa mtu mwenye habari. Majaji wa rufaa wametoa uamuzi jana. Walisoma ushahidi wa mlinzi wa ghala, wakauliza kwa nini haukuzingatiwa, na hakuna aliyeweza kuwajibu. Wameamuru mfungwa aachiwe. Alitoka mchana ule ule, na mkewe alikuwa langoni na watoto wawili.

Mashine alisimama, akaenda kunawa uso. Msajili alitoka ofisini kwake, akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Kazi nzuri," nikaona meno yake.

Mimi sijawahi kumwona mtu yule, wala hatanijua. Nilitoka kibarazani nikampigia Baba. Nikamwambia yote bila kupumua.

"Una hakika ana watoto?" akauliza.

"Wawili, Baba."

"Basi jana wamekula na baba yao."

"Ndiyo, Baba."

Kati yetu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukata simu.